Sevisi, matengenezo au swali tu kwa fundi? Jinsi ya kujua gari lako linataka nini

Maswali ni yale yale. "Taa ya njano imewaka, naweza kuendelea na safari?" "Oili inamwagwa baada ya kilomita ngapi?" "Breki zinalia asubuhi, nibadilishe pedi?" Wanaouliza si wazembe. Wengi wameanza kumiliki gari juzi, na hakuna aliyewakalisha chini akawaeleza. Mwongozo huu ni wao.

Hautakufanya fundi. Utakusaidia kutenganisha mambo matatu ambayo wenye magari huyachanganya. Sevisi hufanywa kwa ratiba, gari likiwa zima kabisa. Matengenezo hufanywa kwa sababu kuna kitu kimekufa au kinaelekea kufa. Ushauri wa fundi unautafuta pale unapoona dalili usiyoijua chanzo chake. Anayengoja dalili ndipo afanye sevisi amechelewa, na anayebadilisha spea kwa kukisia anatupa pesa.

Kabla ya kuanza, andaa hivi:

- Kitabu cha gari. Kama kimepotea, watengenezaji wengi wanakiweka mtandaoni bure. Hakikisha ni cha mwaka na injini ya gari lako, kwa maana magari ya jina moja yanaweza kuwa na injini tofauti kabisa.
- Daftari, au sehemu ya kuandikia kwenye simu. Usiliruke hili.
- Geji ya kupimia upepo wa matairi.
- Tochi, kitambaa cheupe, na kipande kikubwa cha boksi.
- Maltimita ndogo (ya kupimia umeme) na kifaa cha kusomea kodi za injini, yaani namba za hitilafu ambazo gari hujiwekea, ukiweza. Si lazima.
- Saa moja mara ya kwanza. Baada ya hapo dakika kumi kwa wiki zinatosha.

Hatua ya 1: Jua gari limefikia wapi

Andika kilomita zilizo kwenye dashibodi leo, na tarehe. Chini yake andika kila unachokumbuka: oili ilimwagwa lini, betri ilinunuliwa lini, matairi yana umri gani. Usipokumbuka, acha pengo. Pengo nalo ni taarifa.

Sasa fungua kitabu kwenye ratiba ya sevisi. Utakuta vipimo viwili, kilomita na miezi, na kinachotangulia kufika ndicho kinachohesabika. Gari linalolala uani wiki nzima nalo linazeesha oili, kwa kuwa unyevu na mabaki ya mafuta hujikusanya humo. Safari fupi fupi ambazo injini haipati joto la kutosha huzidisha hali hiyo. Kwa hiyo "gari langu halitembei sana" si sababu ya kuruka sevisi.

Kitabu chako ndicho mwamuzi, lakini ili upate picha, magari mengi huangukia humu:

- Oili ya injini na filta yake: oili ya kawaida karibu kila kilomita 5,000, ya sinthetiki 10,000 au zaidi. Mwaka mmoja usipite bila kumwaga.
- Filta ya hewa: kilomita 15,000 hadi 30,000, na mapema zaidi kwenye vumbi.
- Plagi: za kawaida kilomita 30,000 hadi 50,000; za iridiumu hufika hata 100,000.
- Mafuta ya breki: kila miaka 2 kwa magari mengi, hata kama hujafika mbali.
- Kulanti (maji maalumu ya kupoza injini): miaka 2 hadi 5 kutegemea aina.
- Taimingi belti (mkanda unaofanya valvu na pistoni ziende pamoja): kati ya kilomita 60,000 na 160,000.

Kwenye taimingi belti nasimama kidogo, kwa sababu ndiyo inayowaliza watu. Haitoi taarifa. Haipigi kelele, haiwashi taa, na huioni kwa kuwa imefunikwa. Siku ikikatika gari linazima hapo hapo, na katika injini nyingi valvu hugongana na pistoni. Kazi iliyokuwa ya kubadilisha mkanda na roli zake inageuka kuwa kazi ya kufungua injini nzima. Baadhi ya magari yana cheni badala ya belti. Cheni haina ratiba ya kubadilishwa, lakini inategemea oili safi, na ikichoka hukoroma sekunde chache unapowasha injini asubuhi. Ujue gari lako lina ipi kati ya hizo mbili, leo, kabla hujalala.

Vitabu vingi pia vina safu ya pili, ya matumizi magumu: vumbi, foleni, mizigo mizito, kuvuta trela, safari fupi. Wengi tunajihesabu watumiaji wa kawaida wakati hatumo. Kama unaishi kwenye foleni, fuata safu hiyo.

Umenunua gari lililotumika na halina kumbukumbu? Anza kutoka sifuri. Mwaga oili, badilisha filta, mafuta ya breki na kulanti, kisha mwulize fundi kuhusu taimingi belti. Kauli ya muuzaji kwamba "ilibadilishwa juzi" bila risiti au tarehe iliyoandikwa, ichukue kama haikusemwa.

Hatua ya 2: Fungua boneti injini ikiwa imepoa

Egesha mahali tambarare. Kama umetoka kuendesha, zima injini na ungoje dakika kumi kwa ajili ya oili. Kwa ajili ya rejeta ngoja hadi injini ipoe kabisa.

*Oili.* Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa cheupe, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Kwenye magari mengi umbali kati ya alama hizo ni kama lita moja, kwa hiyo unapoongeza, ongeza kidogo kidogo huku unapima. Kuzidisha ni kosa kama kupunguza. Oili ikizidi, shafti ya injini huikoroga ikatoa povu, na povu halilainishi kitu. Magari kadhaa mapya hayana kijiti. Kiwango unakisoma kwenye skrini.

Weusi wa oili peke yake si ugonjwa. Kwenye dizeli oili mpya hugeuka nyeusi muda mfupi baada ya kuwekwa, na ndiyo kazi yake, kubeba uchafu. Tafuta haya badala yake: rangi ya chai ya maziwa (maji yameingia), harufu kali ya petroli, au chembe zinazong'aa kama mchanga wa chuma. Lolote kati ya hayo si la kumwaga oili ukaendelea na safari. Ni la fundi.

Andika kila unapoongeza. Injini kula oili kidogo kunavumilika, lakini ikifika lita nzima ndani ya kilomita 1,000, pana jambo.

*Kulanti.* Tazama chupa ya akiba, siyo ndani ya rejeta. Ina mistari miwili. Ikipungua mara moja kwa mwaka, ongeza. Ikipungua kila wiki, inavuja au inaungua ndani ya injini, na kuongeza ni kujidanganya.

ONYO: Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Mfumo huo unafanya kazi kwa presha, na maji yaliyomo yanaweza kuwa juu ya nyuzi 100 bila kuchemka. Ukilegeza kifuniko yanachemka yote kwa mpigo, yanakurukia usoni.

*Mafuta ya breki.* Kiwango hushuka polepole kadiri pedi zinavyolika. Hilo ni la kawaida. Ndiyo maana usiharakishe kujaza. Kiwango kilichoshuka kinakuambia ukague unene wa pedi kwanza. Kikishuka ghafla, ndani ya siku chache, kuna uvujaji na gari lisitembee. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo.

*Betri.* Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri unazuia umeme kupita. Ukiwa na maltimita, pima asubuhi kabla ya kuwasha: volti 12.6 ni betri iliyojaa, chini ya 12.0 imeishiwa chaji. Washa injini upime tena. Ikisoma takriban 13.8 hadi 14.5, altaneta (jenereta ya gari) inachaji.

*Mikanda.* Mulika tochi. Nyufa, nyuzi zilizochomoza au kung'aa kama kioo maana yake mkanda umechoka.

Hatua ya 3: Tandika boksi chini ya gari usiku

Hii ni hatua rahisi kuliko zote na karibu hakuna anayeifanya. Asubuhi soma rangi ya matone:

- Maji matupu, chini ya upande wa abiria: ni ya kiyoyozi. Lala usingizi.
- Kahawia au nyeusi: oili ya injini.
- Nyekundu au waridi yenye utelezi: oili ya gia otomatiki au ya usukani.
- Kijani, chungwa au waridi, nyepesi, yenye harufu tamu: kulanti. Ni sumu, na wanyama huvutiwa na utamu wake, kwa hiyo ifute.
- Njano hafifu, laini sana, karibu na gurudumu: mafuta ya breki. Usiwashe gari, mwite fundi aje lilipo.

Tone moja la oili kwa usiku kwenye gari la zamani ni la kutajwa kwenye sevisi ijayo. Kidimbwi si cha kungoja sevisi.

Hatua ya 4: Soma matairi

Pima upepo asubuhi, matairi yakiwa baridi. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tenki. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe. Wanaojaza kwa namba hiyo wanakosea.

Kisha angalia lilivyolika, kwa sababu tairi linaandika historia ya gari zima. Likiwa limelika katikati, upepo umekuwa ukizidi. Likiwa limelika kingo zote mbili, umekuwa ukipungua. Likilika upande mmoja tu, alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) imepotea au kuna kiungo kimelegea, na ukinunua tairi jipya bila kurekebisha hilo, nalo litakwenda njia hiyo hiyo. Likilika kwa mabonde mabonde, wasiwasi wangu wa kwanza ni shokapu.

Nchi nyingi zinaweka kina cha chini cha kashata, yaani michongo ya uso wa tairi, kuwa milimita 1.6. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo. Kashata ikilingana navyo tairi limekwisha. Mimi singoji hapo. Kwenye mvua tofauti ya milimita 3 na 1.6 inaonekana waziwazi pale unapokanyaga breki.

Umri nao unasomeka. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini nyufa ubavuni na miaka 10 mgongoni, litoe.

Hatua ya 5: Washa swichi usome taa

Washa swichi bila kupiga stata. Taa nyingi za dashibodi zinawaka pamoja, ndivyo inavyotakiwa. Washa injini, zizimike zote isipokuwa ya handbreki kama umeivuta. Taa isiyowaka kabisa katika hatua ya kwanza inatia shaka. Huenda balbu imeungua, au mtu ameizima kwa makusudi ili ugonjwa wa gari usionekane. Ukikagua gari la kununua, anza na hapa.

Rangi zina maana. Nyekundu: simama. Njano: likaguliwe karibuni. Kijani na bluu: taarifa tu. Ila ndani ya nyekundu kuna tofauti.

*Taa ya oili* (birika dogo) inapima presha, siyo kiwango. Ikiwaka unaendesha, toka barabarani na uzime injini palepale, siyo kituo kijacho. Injini bila presha ya oili inanoki ndani ya dakika chache.

*Joto.* Mshale ukipanda kuelekea nyekundu, zima kiyoyozi, washa hita ya ndani kwa nguvu zote ili itoe joto kwenye injini, tafuta pa kusimama, zima. Geji ikiwa imefika mwisho, usijaribu hita wala kitu kingine, simama tu.

*Betri.* Altaneta haichaji. Unaweza kutembea kidogo kwa umeme uliobaki, lakini kama mkanda mmoja unazungusha altaneta na pampu ya maji, kukatika kwake kutalichemsha gari. Fungua boneti uone kama mkanda upo kabla hujaamua kusonga.

*Breki.* Shusha handbreki vizuri kwanza. Kama bado inawaka, angalia mafuta ya breki. Kama pedali imekuwa laini, safari imeishia hapo.

*Taa ya injini*, ile ya njano yenye umbo la injini, ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Ikitulia bila kupepesa na gari linakwenda kama kawaida, endesha taratibu, ukapime wiki hiyo. Anza na kifuniko cha tenki: kikiwa hakikufungwa vizuri, magari kadhaa huwasha taa hiyo. Ikipepesa, injini inamisi (silinda hazichomi mafuta inavyotakiwa) kiasi cha kupitisha mafuta yasiyoungua hadi kwenye kichujio cha moshi na kukiunguza. Punguza mwendo, usipige resi, simama karibu uwezavyo.

Kifaa cha kusomea kodi huchomekwa chini ya dashibodi. Marekani ililazimisha mfumo huo wa gari kujipima, unaoitwa OBD-II, kwa magari madogo kuanzia modeli za 1996, na magari ya miaka ya karibuni kutoka kwingine yanao pia. Soma kodi, iandike, usikimbilie kuifuta. Na ielewe vizuri: P0300 inasema silinda zinamisi bila mpangilio. Haisemi plagi mbovu. Chanzo kinaweza kuwa plagi, koili, hewa inayovuja, hata mafuta yenye maji. Kodi inakuonyesha mtaa. Nyumba unaitafuta mwenyewe.

Hatua ya 6: Endesha dakika kumi redio ikiwa imezimwa

Chagua barabara tulivu. Fungua vioo, pita karibu na ukuta mrefu kama upo. Ukuta unakurudishia sauti za gari lako. Sikiliza haya:

- Kwii kali unapowasha au kukata kona gari likiwa la baridi: mkanda umelegea au umechoka.
- Ka-ka-ka unapokata kona kali kwa mwendo mdogo: kiungo cha ekseli ya mbele.
- Mvumo unaopanda na spidi, na unabadilika ukiyumbisha gari kidogo kushoto na kulia: beringi ya gurudumu.
- Kugonga kwenye mashimo: bushi, boljointi au shokapu.
- Kwii nyembamba unapokanyaga breki: pedi nyingi zina kibati cha kukuonya zikikaribia kuisha. Lakini kilio cha breki mbili tatu za asubuhi, baada ya mvua au umande, ni kutu nyepesi tu ya diski.
- Mkwaruzo wa chuma kwa chuma unapokanyaga breki: pedi zimekwisha. Kila kilomita unayoongeza unakula diski.

Pedi mpya huwa na unene wa kama milimita 10 hadi 12. Zikifika 3, badilisha. Kwenye rimu zenye matundu unaweza kuziona kwa tochi bila kufungua gurudumu.

Mtetemo nao una lugha yake. Usukani ukitetemeka kati ya spidi 80 na 100 kisha ukatulia, ni balansi ya magurudumu. Ukitetemeka pale tu unapokanyaga breki, ni diski zisizo sawa. Gari likivuta upande mmoja barabara ikiwa tambarare, pima upepo kwanza kabla ya kuilaumu alaimenti. Likivuta kwenye breki tu, kuna upande haushiki sawa na mwenzake.

Jaribu klachi, kama ni gari la gia za mkono: ukiwa gia ya nne kwa mwendo wa wastani, kanyaga mafuta. Mlio wa injini ukipanda na spidi isipande, klachi inateleza.

Hatua ya 7: Gawa ulichokiona kwenye makapu matatu

Kapu la kwanza, *simama sasa*: taa ya oili, kuchemsha, pedali ya breki inayozama, tone la mafuta ya breki, usukani uliogeuka mzito au mlegevu ghafla, harufu kali ya petroli, taa ya injini inayopepesa.

Kapu la pili, *wiki hii*: taa ya injini iliyotulia, kulanti inayopungua, mvumo wa beringi, breki zinazokwaruza au kuvuta, stata inayosuasua asubuhi, tairi lililolika upande mmoja. Chuma kwa chuma iko hapa kwa sharti kwamba gari linakwenda kwa fundi, siyo kwenye shughuli zako.

Kapu la tatu, *sevisi ijayo*: tone la oili, waipa zinazoacha michirizi, filta ya kiyoyozi inayonuka, mkwaruzo mdogo wa plastiki chini ya gari.

Ukisitasita kati ya makapu mawili, chukua la juu. Na jambo lolote linalohusu breki au usukani haliwekwi kapu la tatu.

Hatua ya 8: Mpelekee fundi dalili, siyo jina la spea

Hili nimelijifunza kwa kulipia. Gari langu lilikuwa haliwaki asubuhi. Nikaenda nikasema, "Nataka betri mpya." Nikauziwa betri mpya, kama nilivyoomba. Asubuhi ya nne haliwaki tena. Kosa lilikuwa taa ndogo ya buti isiyozima, inanyonya betri usiku kucha, na betri ya zamani ilikuwa nzima. Fundi hakunidanganya. Aliuza nilichoagiza. (Ukitaka kuipima taa ya buti: weka simu humo ikirekodi video, funga, fungua, utazame.)

Kwa hiyo sema hivi: tatizo ni lipi, lilianza lini, linatokea gari likiwa baridi au la moto, spidi gani, ukikata kona au ukinyoosha, ukikanyaga breki au ukiachia, na nini kilifanywa kwenye gari muda mfupi kabla. Rekodi sauti kwa simu, kwa sababu kelele zina tabia ya kunyamaza zikifika gereji. Bora zaidi, mpakie fundi mwendeshe pamoja.

Kisha kubalianeni kabla spana haijashikwa:

1. Kwanza achunguze, akuambie alichokiona, ndipo aanze kufungua.
2. Akuonyeshe palipo kosa kwenye gari lenyewe.
3. Hakuna kazi ya ziada bila kukupigia simu.
4. Spea ya zamani unarudishiwa, hata kama utaitupa.

Fundi mzuri haoni tabu kwa masharti hayo. Anayekasirika ukimwuliza "umejuaje?" amekujibu tayari. Na kama jawabu ni kufungua injini au giaboksi, tafuta macho ya fundi wa pili. Kwa pedi na filta haina haja.

Makosa yanayorudiwa kila siku

Kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndizo za kushikilia. Watu wanakufa kwa hili.

Kumwaga maji baridi kwenye injini iliyochemsha. Chuma cha moto kikipoa ghafla kinaweza kupasuka au kupinda.

Kutumia maji ya bomba miaka nenda rudi badala ya kulanti. Kulanti huzuia kutu ndani ya rejeta na pampu. Maji ni ya dharura, ukifika urekebishe.

Kubadilisha pedi upande mmoja. Zinakwenda kwa jozi ya ekseli.

Kuosha injini kwa mashine ya presha kisha kushangaa kwa nini inamisi.

Likikukuta hili, anza hapa

*Gari haliwaki, linasema "tik" au "tik-tik-tik".* Washa taa kubwa. Zikififia unapopiga stata, betri imeisha au vichwa vyake vimelegea. Visafishe na kuvikaza kwanza. Taa zikibaki kali na ukasikia "tik" moja tu, shuku stata.

*Stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki.* Mafuta yapo kweli? Geji nazo hudanganya. Je, taa ya funguo au kufuli inapepesa kwenye dashibodi? Jaribu funguo ya pili. Kama stata inazunguka nyepesi na haraka kuliko siku zote, acha mara moja kuipiga. Huenda taimingi belti imekatika, na unaongeza uharibifu.

*Limechemsha.* Limezimwa, limepoa nusu saa au zaidi, sasa tazama chupa ya akiba. Imekauka? Tafuta panapovuja. Imejaa? Shuku feni isiyozunguka au thamostati iliyoganda. Likichemsha kwenye foleni tu na kutulia ukitembea, ni feni kwanza.

*Moshi.* Mvuke mwepesi asubuhi unaotoweka injini ikipata joto ni maji tu. Moshi mweupe mzito usiokoma, wenye harufu tamu, ni kulanti inayoungua: shuku gasketi ya silinda hedi, usiendeshe. Wa bluu ni oili. Mweusi ni mafuta yanayozidi hewa. Anza na filta ya hewa.

*Gari linakula mafuta kuliko zamani.* Upepo wa matairi, filta ya hewa, breki inayong'ang'ania. Ukimaliza safari pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa; iliyo ya moto kuliko wenzake, breki yake haiachii.

*Pedali ya breki imekuwa laini, ukiipampu inapanda.* Kuna hewa au uvujaji. Kwamba inapanda ukipampu si ruhusa ya kuendesha. Livutwe.

*Tatizo jipya siku mbili baada ya sevisi.* Rudi kwa aliyeifanya kabla ya kwenda kwingine, na daftari mkononi. Mara nyingi ni kitu kidogo: bomba la hewa halikurudishwa, plagi ya waya imelegea, bolti ya kumwagia oili inatoa jasho, nati za gurudumu hazikukazwa. Hizo nati za gurudumu, zikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100 kila gurudumu linapofunguliwa, hata kama aliyefunga ni wewe.